Utumishi kwa Nani? Ukoo wa Volkonsky katika Historia ya Urusi

Mhadhara wa wazi



Mada ya leo ni historia ya ukoo mmoja wa wanamfalme wa Urusi, nami nimeuchagua ukoo wa Volkonsky. Zilikuwapo koo zenye utajiri mkubwa kuuzidi, kama Yusupov. Zilikuwapo pia koo zilizokikaribia zaidi kiti cha enzi, kama Golitsyn na Dolgorukov. Nimewachagua Volkonsky kwa sababu maisha yao yanatuwekea mezani swali ambalo kila mwenye cheo hulikuta siku moja: ninamtumikia nani? Je, ni mtawala aliyenipa cheo, au ni watu wanaotawaliwa naye? Kwa miaka mingi Volkonsky hawakuona tofauti kati ya mambo hayo mawili. Mwaka 1825 tofauti ilijitokeza, tena ikajitokeza ndani ya nyumba moja, kati ya watoto wa baba mmoja na mama mmoja.

Hoja yangu naitaja mapema ili mnipime nayo. Jina la Volkonsky halikudumu kwa sababu ya vyeo vyake. Lilidumu kwa sababu ya watu walioweza kuishi na kufanya kazi ya maana baada ya vyeo hivyo kuondoka. Na miongoni mwao, wawili walio muhimu sana hawakuzaliwa katika ukoo huo. Waliolewa humo.

Asili ya ukoo

Tuanze na cheo chenyewe. Mwanamfalme wa Urusi, kwa maana ya mhadhara huu, si lazima awe mtoto wa Tsar. Kabla Moscow haijawameza jirani zake, nchi ile iligawanyika katika tawala nyingi ndogo, kila moja na mtawala wake wa uzao wa Rurik, babu wa nasaba yao. Moscow ilipopata nguvu, watawala hao walinyang'anywa ardhi na mamlaka, wakaachiwa cheo. Wajukuu zao wakawa makamanda, mabalozi na magavana wa Tsar. Heshima ya ukoo ikawa haipimwi tena kwa ardhi unayotawala, bali kwa utumishi unaoutoa.

Volkonsky walijihesabu kuwa wa kizazi cha Mikhail wa Chernigov, aliyeuawa mwaka 1246 katika kambi ya Batu, mjukuu wa Genghis Khan, kwa kukataa kushiriki ibada iliyopingana na imani yake. Kanisa la Orthodox linamwadhimisha kama shahidi. Jina la ukoo lilitokana na mto mdogo uitwao Volkona, kusini mwa Moscow. Katika karne zilizofuata hawakuwa wa safu ya kwanza, lakini walitajwa vitani. Mwaka 1610, katika miaka ya vurugu Urusi ilipokuwa haina mfalme wa kukubalika na wote, Mikhail Volkonsky aliuawa akiilinda monasteri ya Borovsk. Mwaka 1762 mwingine mwenye jina hilohilo, Mikhail Nikitich, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Catherine wa Pili kutwaa madaraka, na baadaye akapewa kuisimamia Moscow. Kufikia mwisho wa karne ya 18, Volkonsky walikuwa wamefika ikulu.

Nyumba moja, njia tatu

Sasa niwaingize katika nyumba ninayoizungumzia. Baba ni Jenerali Grigory Volkonsky, aliyekuwa gavana wa Orenburg, kwenye mpaka wa nyika za Asia, kuanzia 1803 hadi 1817. Mama ni Alexandra, binti wa Jemadari Mkuu Nikolai Repnin na mmoja wa wanawake wenye cheo cha juu kabisa ikuluni. Walilea wana watatu, Nikolai, Nikita na Sergei, na binti mmoja, Sofia.

Nikolai, mkubwa, alijeruhiwa na kutekwa na Wafaransa katika pigano la Austerlitz mwaka 1805. Babu yake mzaa mama alikuwa amefariki bila kuacha mtoto wa kiume, hivyo Tsar Alexander wa Kwanza akamwamuru Nikolai abebe jina la Repnin lisipotee. Alitawala Saxony kwa niaba ya Urusi mwaka 1813 na 1814, kisha akawa gavana mkuu katika Ukraine.

Sofia aliolewa na Pyotr Volkonsky wa tawi jingine la ukoo. Huyu alikuwa hodari wa kupanga. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa makao makuu ya jeshi la Urusi, chombo cha kuchora ramani, kupanga safari za majeshi na kuwafundisha maofisa wa kazi hiyo. Alikuwapo Taganrog, Novemba 1825, Tsar Alexander alipofariki. Tsar mpya, Nicholas wa Kwanza, alimfanya waziri wa mambo ya ikulu mwaka 1826, naye akakishika cheo hicho hadi kifo chake mwaka 1852.

Na Sergei, kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 1788? Alipigana na Napoleon, akapanda cheo hadi meja jenerali akiwa na umri wa miaka 24, akaiona Paris na London baada ya ushindi. Huko maofisa vijana wa Urusi walijionea nchi zenye mabunge na raia wasiomilikiwa na mtu. Kisha wakarudi nyumbani pamoja na askari wao. Askari hao walikuwa wametolewa katika vijiji vya watwana, watu waliofungwa kwenye ardhi ya kabaila, wakauzwa na kununuliwa pamoja nayo, na mara nyingine bila ardhi yenyewe. Waliotoka vijiji hivyo walikuwa wameikomboa Ulaya, na ndugu zao walikuwa bado mali ya watu. Sergei mwenyewe alimiliki watwana. Hilo halikumziba macho asiione aibu yake.

Akajiunga na chama cha siri cha maofisa wa kusini, kilichoongozwa na Pavel Pestel. Walitaka kuuondoa utawala wa mtu mmoja na kuufuta utwana. Baada ya kifo cha Alexander, wenzao wa kaskazini walitoka na vikosi vyao katika uwanja wa Seneti mjini St. Petersburg tarehe 14 Desemba 1825, kwa kalenda ya zamani ya Urusi ninayoifuata hapa. Mizinga ikawatawanya siku hiyohiyo. Kwa ajili ya mwezi huo wanaitwa Wadesemba. Sergei alikamatwa Januari 1826. Julai mwaka huo, watu watano walinyongwa, Pestel akiwa mmoja wao. Sergei alihukumiwa kifo, hukumu ikapunguzwa kuwa kazi ya suluba Siberia. Alivuliwa cheo cha jeshi, nishani, na hadhi ya mwanamfalme. Mwaka uleule shemeji yake alipanda kuwa waziri, na mama yake aliendelea na utumishi wake ikuluni.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu waliobaki. Pyotr hakuwa mtu mwovu, na jeshi alilolisimamisha liliitetea nchi yake. Mama mtu alikuwa amelelewa katika imani kwamba kumtii Tsar ni sehemu ya kumtii Mungu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiacha imani yake kwa wiki moja, hata mwanawe akiwa kifungoni. Ndiyo maana nasema swali la utumishi ni gumu. Lingekuwa jepesi kama upande mmoja ungekuwa wa watu wabaya watupu.

Siku mbili za Desemba

Tarehe 25 Desemba 1826 lilizinduliwa katika Kasri la Majira ya Baridi, St. Petersburg, jumba la picha za majenerali waliomshinda Napoleon. Ukutani ilikuwapo picha ya Nikolai, na picha ya shemeji yao Pyotr. Picha ya Sergei, aliyestahili nafasi palepale, haikutundikwa. Ilikuja kurudishwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Kesho yake, tarehe 26 Desemba, Moscow ilishuhudia hafla ya namna nyingine. Zinaida Volkonskaya, mke wa Nikita, alikuwa mwandishi, mtunzi wa muziki na mwimbaji mwenye sauti iliyosifiwa kote Ulaya. Nyumba yake ilikuwa baraza la washairi na wanamuziki. Usiku ule aliwakusanya kwa ajili ya mgeni mmoja: wifi yake Maria, mke wa Sergei, aliyekuwa njiani kumfuata mumewe Siberia. Pushkin alikuwapo, mshairi ambaye babu wa mama yake alitoka Afrika, na aliyeifahamu familia ya Maria tangu aliposafiri nayo kusini mwaka 1820. Polisi wa Tsar walikuwa na macho kila mahali, na kumwandalia heshima mke wa mfungwa wa serikali kulikuwa na hatari yake. Zinaida aliandaa muziki, milango ikiwa wazi.

Naziweka siku hizi mbili pamoja kwa makusudi. Serikali iliamua nani akumbukwe, ikatundika picha. Mwanamke mmoja hakukubaliana na orodha hiyo, akaifungua nyumba yake.

Maria

Maria alikuwa binti wa Jenerali Nikolai Raevsky, shujaa wa pigano la Borodino. Aliolewa Januari 1825, akiwa msichana wa takriban miaka 19, na mtu aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 15. Katika mwaka ule wa kwanza wa ndoa walikaa pamoja kwa muda mfupi tu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Januari 1826, siku chache kabla baba hajakamatwa. Ndugu za Maria walimficha habari hizo kadiri walivyoweza, na baba yake alipinga safari yake kwa nguvu zote.

Masharti ya serikali yalikuwa makali. Mke aliyemfuata mfungwa alihesabiwa mke wa mfungwa, akapoteza haki za hadhi yake. Watoto watakaozaliwa Siberia wangeandikwa kuwa watwana wa serikali. Watoto waliokwisha kuzaliwa hawakuruhusiwa kwenda. Maria alitia saini. Alimwacha mwanawe mchanga kwa wakwe, na mtoto huyo alifariki mwaka 1828 bila kumwona mama yake tena. Pushkin ndiye aliyemtungia mtoto huyo beti za kuandikwa kaburini.

Alisafiri kwa sleji katikati ya majira ya baridi, zaidi ya kilomita 6,000, hadi machimbo ya Blagodatsky, karibu na mpaka wa China. Ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake kwamba alipoingia chumba cha gereza na kumwona Sergei akiwa katika minyororo, alipiga magoti akaibusu minyororo kwanza, kisha ndipo akamkumbatia mumewe. Wasomaji wengi hukiona kitendo hicho kuwa cha mapenzi. Mimi nakiona pia kuwa kauli ya kisiasa. Serikali ilitaka minyororo ile iwe alama ya fedheha, na binti wa shujaa wa Borodino akatangaza mbele ya walinzi kwamba haioni hivyo.

Alikaa katika kibanda kidogo cha mbao pamoja na Ekaterina Trubetskaya, wa kwanza kati ya wanawake 11 waliowafuata wafungwa hao. Wafungwa walikatazwa kuandika barua, basi wanawake wakawaandikia. Kupitia kalamu zao, familia zilipata habari za waume, wana na kaka zao, na serikali ikajua kwamba lolote likitendeka gerezani litafika St. Petersburg. Wakaishi hivyo katika machimbo, kisha Chita, kisha Petrovsky Zavod. Watoto wao Mikhail na Elena walizaliwa huko. Tangu 1837 familia ilihamia kijiji cha Urik, karibu na Irkutsk, kama walowezi wa kulazimishwa.

Hapo ndipo Sergei alipofanya jambo linalonivutia kuliko ushujaa wake wa vitani. Akawa mkulima wa kweli. Alilima, akauza mazao, akakaa na wakulima sokoni akizungumza nao bei za nafaka na hali ya barabara, hata watu wa hadhi wakamshangaa. Maria naye, walipopata ruhusa ya kuhamia mjini Irkutsk, aliifanya nyumba yao kuwa makao ya muziki, tamthilia na elimu. Nyumba hiyo ya mbao ingali imesimama, na tangu 1985 ni makumbusho.

Kurudi, na kitabu kilichozaliwa

Msamaha ulikuja mwaka 1856, baada ya miaka 30, Alexander wa Pili alipotawazwa. Aliyetumwa kuupeleka waraka wa msamaha hadi Irkutsk alikuwa Mikhail Volkonsky, mwana wa wafungwa, aliyezaliwa Petrovsky Zavod. Yeye na dada yake walirudishiwa hadhi ya ukoo. Baba yao hakurudishiwa cheo cha mwanamfalme.

Mwaka 1860, mjini Florence, Sergei alitembelewa na ndugu wa mbali aliyekuwa na umri wa miaka 32: Leo Tolstoy. Mama yake Tolstoy alikuwa Maria Volkonskaya wa tawi jingine, aliyefariki mwanawe akiwa hajafikisha miaka miwili. Babu yake, Nikolai Volkonsky, ndiye aliyeijenga Yasnaya Polyana, shamba ambako Tolstoy alizaliwa na kuandika. Kukutana na mzee huyu mwenye ndevu nyeupe kulimchochea Tolstoy aandike riwaya ya Mdesemba anayerudi kutoka Siberia. Alipoanza, aliona kwamba hawezi kumweleza mzee bila kuueleza ujana wake, na ujana wake haueleweki bila vita vya 1812 dhidi ya Napoleon. Akarudi nyuma, akazidi kurudi nyuma, hadi ikazaliwa Vita na Amani. Humo babu yake amekuwa mzee Bolkonsky, mama yake amempa sura Maria Bolkonskaya, na Repnin anaonekana kwa jina lake mwenyewe, akiwa mateka anayezungumza na Napoleon huko Austerlitz.

Kwa hiyo, anayesoma riwaya ile anasoma kwa sehemu historia ya nyumba hii. Msukumo wa kuiandika ulitoka kwa mtu ambaye picha yake ilizuiwa ukutani.

Maria alifariki mwaka 1863, Sergei mwaka 1865. Utwana ulikuwa umefutwa mwaka 1861, naye akaishi kuliona hilo. Kumbukumbu za baba zilichapishwa na mwanawe mwaka 1901, na za mama mwaka 1904. Zinaida alikuwa amehamia Roma tangu 1829, akaingia Kanisa Katoliki na kutumia mali yake kwa maskini. Gogol, ambaye tamthilia yake inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, alikuwa mgeni wa mara kwa mara katika bustani yake, chini ya matao ya mfereji wa maji wa Kirumi. Leo mahali hapo, Villa Wolkonsky, ni makazi ya balozi wa Uingereza nchini Italia.

Wajukuu

Mwana wa Mikhail, aliyeitwa Sergei kama babu yake, aliongoza Majumba ya Tamthilia ya Kifalme kuanzia 1899 hadi 1901. Alijiuzulu baada ya mgogoro ulioanzia kwenye vazi. Mathilde Kschessinska, mchezaji densi aliyelindwa na watu wa nyumba ya Tsar, alikataa kuvaa vazi lililoamriwa, akatozwa faini, na Tsar akaagiza faini ifutwe. Jambo lilikuwa dogo. Lakini mkurugenzi alielewa kwamba kanuni inayowabana wote isipokuwa wapendwa wa mtawala si kanuni, akaondoka. Baada ya mapinduzi ya 1917 alipoteza mashamba na cheo, akafundisha usemaji na miondoko ya jukwaani mjini Moscow. Mshairi Marina Tsvetaeva alimheshimu kiasi cha kuunakili muswada wake kwa mkono. Alihama nchi mwaka 1921, akafariki Marekani mwaka 1937.

Na mwingine wa ukoo huu, Andrei Volkonsky, alizaliwa Geneva mwaka 1933 katika familia ya wahamiaji, akapelekwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1947. Katika miaka ya 1950 alitunga Musica Stricta, kazi ya kwanza ya mtunzi wa Kisovieti kufuata mbinu ya noti 12, ambayo wakuu wa utamaduni waliichukia. Nyimbo zake zilipozuiwa majukwaani, alianzisha kikundi cha Madrigal, akawafundisha Warusi kusikiliza muziki wa kale wa Ulaya ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia. Aliondoka mwaka 1973, akafariki Ufaransa mwaka 2008. Serikali ilikuwa nyingine na itikadi nyingine, lakini swali lilikuwa lilelile.

Hitimisho

Sisi tuna msemo kwamba cheo ni dhamana. Historia ya Volkonsky inatuuliza: dhamana ya nani? Pyotr alijibu kwa uaminifu kwamba ni ya Tsar, na kazi yake ilikuwa kubwa. Sergei alijibu kwamba ni ya watu, akailipia kwa miaka 30. Maria na Zinaida hawakuwa na cheo cha serikali cha kupoteza, lakini walikuwa na usalama, nao wakautoa. Ninapopima majibu haya, nasimama upande wa walioutoa usalama wao. Sababu yangu ni kwamba jibu la Pyotr lilihitaji Tsar awe mwema ili liwe jema. Jibu la Sergei halikuhitaji hivyo.

Lakini uadilifu unanidai niongeze jambo. Safari ya Maria, muziki wa Zinaida, hata fedha zilizotumwa Siberia, vyote vililipiwa kwa jasho la watwana wa mashamba ya familia. Zaidi ya watu milioni 20 wa Urusi walikuwa mali ya makabaila siku utwana ulipofutwa. Tunajua jina la mtoto mchanga wa Volkonsky na beti alizotungiwa, lakini wengi wa waliolima chakula cha nyumba ile hatujui hata walizikwa wapi. Sergei angekuwa wa kwanza kukubali kwamba historia inayomtaja yeye na kuwasahau hao haijakamilika, kwa sababu ni kwa ajili yao alikubali kuvuliwa cheo.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa historia mlio hapa: mnapoandika habari za koo zetu wenyewe, za masultani, machifu, mamwinyi na viongozi wa baada ya uhuru, msiridhike na orodha ya waliokaa karibu na kiti. Ulizeni walifanya nini siku mtawala na haki vilipotofautiana. Ulizeni habari za wanawake walioolewa ndani ya koo hizo, kwa maana mara nyingi barua na kumbukumbu ziko mikononi mwao. Ulizeni pia nani alilima. Mkifanya hivyo, mtaandika historia ambayo hata mjukuu wa mtwana atajikuta ndani yake.